Kabla ya Kuongeza Dozi, Tazama Shingo

Wauguzi wenzangu, nianze na neno. Tukimwambia mgonjwa wa figo ana "uvimbe", anatazama miguu. Hayo ni maji, si mada ya leo. Nazungumzia inflamesheni: kinga ya mwili iliyowaka ikakataa kuzimika, miezi na miezi, bila homa wala jipu. Na asije mtu akaitibu kwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Dawa hiyo hubana damu inayoingia kwenye figo, na kale kafigo kaliko­baki kanakwisha.

Mgonjwa wenyewe mnamjua, yule anayesafishwa damu kwa mashine. Hemoglobini 8, damu imepungua. Erithropoietini, sindano ya kuongeza damu, yuniti 4,000 mara tatu kwa wiki, haisogei. Ferritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, 900, basi mtu anatangaza chuma ni tele. Saturesheni ya transferini, yaani chuma kinachosafirishwa kwenye damu, je? Asilimia 14 tu. Chuma kipo, kimefungiwa stoo! Mwili ukiwaka, ini hutoa homoni ya hepsidini, nayo hufunga mlango wa kutolea chuma kwenye seli za akiba na kwenye utumbo. Ferritini nayo hupandishwa na moto huohuo. Albumini, protini ya damu, imeshuka, tunamwambia ale mayai. Ale, sijakataza, lakini ini limepunguza kuitengeneza. Tunaongeza dozi, presha inapanda, hemoglobini iko palepale. Pimeni CRP, kipimo cha damu kinachoonesha moto huo. Ikizidi 10, mkarudia ikawa vilevile, tafuteni chanzo.

Chanzo mara nyingi kiko shingoni. Katheta, mrija wa kupeleka damu mashineni, iliwekwa kwa dharura, "wiki mbili tu", leo mwezi wa nane. Plastiki ndani ya mshipa hujengewa utando wa bakteria, na kinga hupigana nao hata usipoona usaha. Mtaniambia fistula, ateri na vena zinazounganishwa ili zichomwe badala ya katheta, ni gharama. Kwani kubadilisha katheta mara tatu na antibiotiki za mshipani ni bure? Fistula (ya mkononi, si ile ya wodi ya wazazi) ilichapishwa na madaktari Brescia na Cimino mwaka 1966, si jambo geni. Inahitaji wiki sita au zaidi kukomaa, kwa hiyo itengenezwe kabla ya mashine. Na hiyo mishipa tunaiharibu sisi kwa kanula za dripu! Mkono asiouandikia usiguswe, ni wa fistula. Chomeni nyuma ya kiganja cha mkono mwingine.

Katheta ikiwapo bado: barakoa kwako na kwa mgonjwa, sugua mdomo wa katheta kwa klorheksidini sekunde 15, acha ukauke. Hapo pa kukausha ndipo tunapoharakisha, na dawa inakosa muda wa kuua. Dripu isipitie humo.

Naoneshwa saa. Basi haraka: wafungueni midomo, fizi zinazotoka damu nazo ni chanzo. Ulizeni kuhusu grafti (mshipa bandia) ya zamani iliyoganda, au figo ya kupandikizwa iliyokufa ikaachwa tumboni. Na maji ya mashine: bakteria hawapiti kwenye chujio, lakini vipande vya endotoksini, sumu ya bakteria, hupita. Fundi akisema maji ni safi, mwombeni majibu ya kipimo cha endotoksini, yenye tarehe.