Keane hakuponzwa na hasira

Wanasema Roy Keane, aliyekuwa nahodha wa Manchester United, aliponzwa na hasira kwenye ukocha. Mimi nakataa. Nitaanzia Turin, Italia, na walionisikia siku za nyuma wanajua nikifika huko sitoki upesi. Mnivumilie.

Aprili 21, 1999, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Juventus na Manchester United, mechi ya marudiano. Ya kwanza pale Old Trafford, nyumbani kwa United, ilikuwa 1-1. Dakika 11 tu, Filippo Inzaghi kashapachika mawili, Juventus wanacheka. Dakika ya 24 kona ya David Beckham, Roy Keane anaruka, kichwa, wavuni. Huyo anarudi kati mbio, hana habari ya kukimbilia kamera kama hawa wenu wa siku hizi. Haijapita hata robo saa, pasi mbovu ya mwenzake inamfikia nusunusu, anajinyoosha, anamchezea rafu Zidane. Kadi ya njano. Kwa hesabu ya kadi, maana yake fainali hachezi, hata wakivuka.

Wengine hapo wangeanza kutembea. Yeye alizidi kukaba. Dwight Yorke akasawazisha, Andy Cole akamaliza kazi, 3-2. Fainali ikachezwa Barcelona, United wakabeba kombe, Keane akiwa kavaa suti.

Sasa makocha wenzangu mkisimulia kisa hiki mnaishia kwenye "moyo". Moyo, moyo! Nani hana moyo? Tazameni kazi yenyewe. Mwenzake akipoteza mpira, Keane anamfokea, lakini kinywa hakijafumba miguu imeshaziba pengo. Ukali wake ulikuwa na malipo papo hapo. Ndiyo maana walimvumilia.

Kwenye benchi, ukiwa kocha, miguu hiyo haipo. Unafoka Jumamosi, kosa unalirekebisha Jumanne mazoezini, tena kwa maelezo. Ni ufundi mwingine kabisa.

Namwona mzee wa jezi nyekundu pale nyuma ananikazia macho: "Mbona Sunderland aliweza?" Aliweza, mzee wangu, na hapo ndipo wanaosema hasira ilimponza wanapoumbuka. Agosti 2006 alikabidhiwa timu iliyopoteza mechi nne za kwanza za ligi, naye hajawahi kufundisha hata siku moja. Aliyempa kazi ni Niall Quinn, mwenyekiti, mtu aliyekuwapo kambini Saipan mwaka 2002, Ireland ikijiandaa na Kombe la Dunia, Keane alipogombana na kocha akarudishwa nyumbani. Zaidi ya hapo habari ya Saipan siirudii, mnaijua kuliko mimi. Msimu ulipokwisha Sunderland ni mabingwa wa daraja la pili la Uingereza, wamepanda Ligi Kuu. Katikati ya msimu wachezaji watatu walichelewa basi la kwenda Barnsley. Basi likaondoka! Wakashinda 2-0 bila hao watatu. Hasira ni ileile. Kama ni sumu, mbona hapo haikuua?

Angalieni aliowasajili alipofika. Yorke yumo! Yorke wa Turin. Aliingiza chumbani mtu aliyeyaona kwa macho, asiyehitaji kuelezwa kwa nini bosi anafoka. Mimi naiita kuazima miguu, na sijali mkinicheka.

Ligi Kuu ikaja, wakaja wachezaji wengine ambao Turin waliiona kwenye televisheni, kama mimi na wewe. Msimu wa kwanza walinusurika kushuka. Desemba 2008 akajiuzulu.

Nilitaka kuwaeleza alivyolelewa na kocha Brian Clough pale Nottingham Forest, kijana wa Cork, Ireland, aliyenunuliwa kutoka klabu ya Cobh Ramblers kwa pauni 47,000, maana Clough naye alikuwa mkali na alifundisha vizuri sana, na hoja yangu hapo inapata tabu kidogo. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, imeniokoa.

Baada ya Sunderland akafundisha klabu ya Ipswich: Aprili 2009 hadi Januari 2011, akatimuliwa. Kisha msaidizi wa Martin O'Neill timu ya taifa ya Ireland, Euro 2016 wakavuka makundi. Msaidizi, mmesikia? Kuna mwingine wa kueleza.

Na Ipswich hao hao, mwaka 2012, wakamwajiri nani? Mick McCarthy, kocha aliyemrudisha Keane nyumbani kutoka Saipan. Akadumu pale zaidi ya miaka mitano. Haya, maswali. Mzee wa jezi nyekundu, anza wewe.