Aliyenunua Msimlaumu, Muulizeni Aliyeuza

Mwenyekiti, mashekhe, wachungaji, kina mama, na nyinyi vijana wa redio mliosimama mlangoni kana kwamba mna pahala pengine pa kwenda, asalaam aleikum na hamjambo.

Nimeitwa Malindi nieleze namna redio za Kikristo zinavyozimeza redio za biashara. Kichwa hicho sikukitunga mimi. Aliyekitunga alitaka nije nigombane na wachungaji, na kazi hiyo siiwezi. Nitasema lile lile ambalo wengine wenu mmelisikia mpaka mkachoka: aliyenunua masafa hana kosa. Mshikeni aliyeuza.

Tuanzie Marekani, maana huko ndiko mambo yamefika mwisho wake. Liko shirika la Kikristo linaitwa Educational Media Foundation, na redio yake kubwa ni K-LOVE. Ilianza 1982 Santa Rosa, California, kituo kimoja tu. Leo masafa yake na ya dada yake Air1 yamepita elfu moja. Haiuzi matangazo, inaishi kwa michango ya wasikilizaji. Wimbo unatoka mahali pamoja, unapanda kwenye setilaiti, unashuka kwenye mnara wa kila mji. Na habari za setilaiti asije mtu kutufundisha sisi, hapo Ngomeni Waitaliano walirusha yao baharini mwaka 1967.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2018 shirika hilo lilichukua 97.9 ya Chicago, The Loop, redio ya muziki wa roki iliyowalea watu wazima wa mji ule. Mwaka uliofuata likanunua vituo sita kwa mpigo kutoka kampuni ya redio ya Cumulus, dola milioni 103.5. Kimoja kilikuwa WPLJ ya New York. Tarehe 31 Mei 2019, saa moja jioni, WPLJ ikanyamaza, K-LOVE ikaingia kwenye masafa yale yale. Hapo ndipo watu husema: mwaona, kanisa limeua redio!

Ngojeni kidogo. Nani alikuwa ameshika kisu? Mwaka 1996 Marekani ilibadili sheria. Kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo arobaini nchi nzima. Kizuizi kikaondolewa, na kampuni ya Clear Channel peke yake ikafikisha vituo zaidi ya elfu moja na mia mbili. Wakakopa wakanunua, wakanunua wakakopa. Cumulus ilimeza kampuni nyingine, Citadel, mwaka 2011, na WPLJ ikiwa ndani. Novemba 2017 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, deni zaidi ya dola bilioni mbili. Redio yenye deni kama hilo hufanya nini? Humfukuza mtangazaji wa jioni, kisha wa mchana, kisha sauti ya asubuhi inarekodiwa mji mwingine na mtu asiyejua mvua imenyesha wapi. Mchungaji alipofika na fedha zake mkononi alikuta mnara na wadai. Mwenye nyumba alishahama zamani.

Na nawapa siri ya sisi tuliouza matangazo. Redio jirani ikigeuka ya dini, wenzake wa biashara hawalii. Wanashusha pumzi! Muuzaji mmoja kapungua sokoni. Redio ile haitamfuata mwenye duka la mabati kumpunguzia bei. Inachukua masikio, hilo kweli, lakini daftari la wateja inakuachia wewe. Ukishindwa hata hapo, usiseme ni Injili.

Mimi nimezunguka Maweni na Barani na daftari hilo. Kulikuwa na mzee wa duka, Mungu amrehemu, tangazo la nusu dakika alitaka kulilipa nusu kwa pesa na nusu kwa unga. Nikachukua unga. Mhasibu wetu akanuna wiki nzima. Lakini mzee yule alikuwa akisikia jina lake saa moja asubuhi anapandisha sauti ya redio mpaka mtaa mzima ujue, na mwezi ukiisha ananiita mwenyewe. Baadaye kipindi cha asubuhi kikawa kinatoka Nairobi. Akaniuliza: Thika Road kuna msongamano, sawa, na mimi nifanyeje? Hakulipa tena, si pesa wala unga. Hapo hapakuwa na padri wala pasta. Palikuwa na mwenye hisa.

Naona mkono. Najua swali lako, bwana: wewe Muislamu, wasema hivi usionekane na chuki. La. Redio ya Kiislamu ikitoka Mombasa, mnara hapa, na mtu wa Mambrui akipotelewa na mashua hana pa kupiga simu, nitaisema vile vile. Na wapo wachungaji wa hapa wanaolalamika kuliko mimi, maana kwaya zao hazipigwi. Kwaya ya Muyeye haifiki Nairobi, na redio ya Nairobi haishuki Muyeye kuitafuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Marekani ilikuwapo kanuni kwamba kituo kiwe na studio karibu na mji wake. Mwaka 2017 wakaifuta. Huko wanaweza, wana wazimu wao. Sisi sheria yetu inatenga redio ya umma, ya biashara na ya jamii, vizuri, lakini leseni ya Malindi iandikwe saa ngapi kwa siku sauti itoke Malindi, kwa kila mtu, awe na msalaba, mwezi au kaunta ya duka. Masafa yakiuzwa, sharti hilo liuzwe pamoja nayo. Nilikuwa na la kusema juu ya redio za jamii na fedha za wafadhili, nimelipoteza kwenye ule unga. Na juu ya simu na intaneti nisiulizwe, maana kila mkutano linaulizwa ili tusizungumze habari ya leseni.

Haya, mama wa buibui pale mbele, wewe kwanza, kisha huyu kijana wa mlangoni.