Busha na ngiri, tuongee wazi

Shikamooni wazee wangu, kaka zangu hamjambo. Nimeomba tukae wanaume peke yetu maana hili jambo kila mtu analijua ila hakuna anayelisema mpaka kanzu ishindwe kulificha.

Kwanza hili la madafu tulitoe. Dafu halileti busha jamani, hata unywe kila siku. Huku kwetu pwani, Tanga mpaka Lindi na Mtwara, mabusha mengi yanatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, inaharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, miaka inapita, maji yanajaa kwenye mfuko unaozunguka korodani. Vile vidonge tunavyogawa, ivamektini na albendazo, vinaua minyoo michanga kwenye damu, ila busha likishajaa havilitoi, hapo ni upasuaji tu.

Na wenyewe sio wa kutisha hivyo. Unachomwa ganzi, mara nyingi ya mgongo, uko macho tunapiga stori. Tunapasua ngozi, tunaufikia mfuko, tukiutoboa yanatoka maji ya njano kama chai ya rangi nyepesi, kuna mzee wangu mmoja alijaza jagi zima. Sasa hapa ndo penye kazi: mfuko tunaukata, tunabakiza ukingo kidogo karibu na korodani, halafu ule ukingo wote tunaushona taratibu bila haraka, maana sehemu ile damu ikivuja kidogo tu kesho pamevimba kama mwanzo. Korodani haitolewi, inarudi mahali pake. Anayekuvuta maji kwa sindano hajakutibu, mfuko bado upo, utajaa tena, na anaweza akakuachia usaha juu yake.

Ngiri ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni utumbo umepenya penye udhaifu kwenye kinena, ukikohoa unasukuma, ukilala unarudi. Tunaurudisha tumboni, tunaziba kwa nyuzi au tunaweka neti, kile kipande cha wavu cha kuimarisha penye udhaifu, na neti sio lazima iwe ya bei mbaya, kuna utafiti wa Uganda uliotoka 2016, wanaume 302, neti ya aina ya chandarua iliyotakaswa vizuri ilifanya kazi sawa na ile ya hospitali ya bei mbaya. Ila ikigoma kurudi, inauma, unatapika, usisubiri asubuhi, usisubiri nauli ya mtoto, njoo usiku huohuo. Nimeshafungua tumbo la mvuvi aliyevumilia siku tatu, utumbo ulikuwa mweusi, ikabidi tukate kipande.

Kuzitofautisha tunaanza na tochi gizani. Busha linawaka jekundu kama taa, ngiri kwa mtu mzima haipitishi mwanga, ila busha la miaka mingi mfuko wake unakuwa mnene na tochi inaweza kudanganya, hapo tunapima altrasaundi.

Chumba kile cha nyuma nimeshafunga mapazia, tochi ninayo, mtaingia mmoja mmoja na hakuna anayeandikwa jina mlangoni.