Joto la Qatar: mwajiri anadaiwa nini na sheria

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaonitazama kutoka Mombasa, Tanga, Kampala, Bujumbura na kwingineko. Leo tuweke mishahara kando tuzungumze joto. Vijana wetu wanazidi kuja huku Qatar kwa kazi za ulinzi na za saiti, na wengi wanapanda ndege wakijua mshahara wao tu.

Najua wako wanaosema, "Mimi mtu wa Pwani, joto nimelizoea." Ndugu yangu, hili si lile. Hapa Doha mwezi wa saba joto hupita nyuzi 40, na kuelekea mwezi wa nane unyevu wa baharini nao unazidi. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, linachuruzika tu, na mwili unashindwa kujipoza. Mtu anaanza na kichwa kuuma, anatapika, kisha anaongea maneno yasiyoeleweka. Akifika hapo ni dharura ya hospitali, si wa kuambiwa akae kivulini kidogo halafu arudi kazini.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2021 wizara inayosimamia kazi ilitoa Uamuzi Na. 17. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje juani zimepigwa marufuku kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Hilo wengi wanalijua. Wasiloambiwa ni kwamba uamuzi huohuo unataka kazi isimame kila kipimo kinachoitwa WBGT kinapopita nyuzi 32.1, saa yoyote, mwezi wowote. Hata ikiwa ni saa mbili asubuhi. Hata ikiwa Septemba 15 imeshapita.

Na kipimo hicho si joto mnaloliona kwenye simu. Kinachanganya joto la hewa, unyevu, ukali wa jua na upepo. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha 36 ya unyevu mzito na kazi ikapaswa kusimama, na siku nyingine ikaonyesha 40 kavu na kazi ikaendelea. Kwa hiyo ukifika saiti uliza: kipimo kiko wapi, na nani anakisoma?

Mwajiri anadaiwa pia maji baridi ya kunywa bila malipo, mahali pa kupumzika penye kivuli, mafunzo kuhusu joto, nguo zinazofaa, na uchunguzi wa afya kila mwaka kwa gharama yake. Na mfanyakazi akiona joto linahatarisha afya yake, ana haki ya kusimamisha kazi na kupeleka malalamiko wizarani.

Mimi roho inaniuma zaidi kwa walinzi. Mafundi wakishaondolewa juani, nani anabaki langoni? Lango halifungwi, basi soja naye hutarajiwa kusimama. Lakini naye anafanya kazi nje, na jua halimwoneshi huruma kwa sababu ya sare. Banda lenye kivuli na hewa anastahili, si hisani ya msimamizi.

Tukitoka kwenye joto, Sheria ya Kazi Na. 14 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akueleze hatari za kazi unapoanza, na akukinge nazo. Vifaa vya kujikinga, kama helmeti, buti na glavu, havikatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia kazini, matibabu ni juu yake. Unalipwa mshahara kamili ukiwa kwenye matibabu hadi miezi sita, na baada ya hapo nusu. Akifariki mtu kwa ajali ya kazi, warithi wake hawapaswi kulipwa chini ya riyali 200,000. Familia nyumbani, kishikeni kiwango hicho.

Ila fidia hiyo inaweza kupotea ikithibitika kwamba ulikiuka maagizo ya usalama kwa makusudi. Kwa hiyo helmeti ivae, hata kama inakukera. Na kukiwa na hatari kubwa ambayo mwajiri anaijua na hachukui hatua, sheria inakuruhusu kuvunja mkataba bila notisi.

Dada zangu wa kazi za nyumbani, pamoja na madereva na watunza bustani wa majumbani, ninyi hamumo ndani ya sheria hii ya 2004. Yenu ni Na. 15 ya mwaka 2017, na ni nyembamba zaidi; nitaifanyia video yake. Kwa hiyo kabla hujatia saini, muulize ajenti: viza yangu ni ya kampuni au ya nyumba? Akizungukazunguka, usitie saini. Mkataba omba nakala, upige picha kila ukurasa, umtumie mtu mmoja nyumbani kabla hujafika uwanja wa ndege.