Jinsi ya kukagua picha ya kale ya Palace Hotel kabla hujatoa hela

Haya jamani karibuni, leo mezani nina picha ya Palace Hotel ya San Francisco, ile ya kwanza kabisa, ilifunguliwa 1875 ikiwa na vyumba 755 halafu ikateketea kwenye moto wa lile tetemeko la Aprili 1906. Jengo lenyewe halipo tena ndio maana watu wanazigombania hizi picha, na feki zimejaa, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza nawa mikono, kausha vizuri, losheni usipake. Shika pembeni hivi, uso wa picha usiuguse.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa kinatosha, washa taa ikae ubavuni. Angalia hapa angani juu ya paa. Ukikuta vidoti vimejipanga kama vya gazeti, hiyo imetoka mashineni, ni ukurasa wa kitabu au postikadi, achana nayo. Picha nyingi za miaka ya 1870 zilisafishwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, nyembamba sana, ndio maana imegandishwa kwenye kadibodi, na ukisogeza kioo unaona nyuzi za karatasi na vijinyufa vidogo vidogo. Hii yangu mnaona kona ya juu kushoto manjano imeshaanza kula lakini vivuli bado vimeshika rangi ya kahawia, safi sana!

Hatua ya tatu soma jengo. Hoteli ya zamani ukuta wote wa nje umejaa madirisha yaliyotokeza mbele, ukiona ukuta umenyooka tu basi hiyo ni ile mpya iliyofunguliwa palepale 1909. Halafu shuka barabarani, Market Street, tramu za kebo, zile zilizovutwa na waya uliopita chini ya barabara badala ya farasi, zilianza hapo 1883, kwa hiyo gari likionekana linakwenda bila farasi picha sio ya 1875 hata muuzaji aape.

Geuza nyuma, na hapa msiharakishe. Ukikuta jina la Taber, mpiga picha wa mjini hapo, usikimbilie kusema yeye ndo kapiga. Mpiga picha mwenzake Carleton Watkins katikati ya miaka ya 1870 alizama kwenye madeni akapoteza studio, negativu zake, yaani zile nakala mama za kusafishia picha, zikaishia kwa Taber akawa anazitoa kwa jina lake mwenyewe. Mimi inaniuma kweli, kazi ya mtu ile, kwa hiyo tafuta picha zinazojulikana ni za Watkins ulinganishe pembe aliyosimama.

Mwisho kuitunza: usiibandue kwenye kadibodi, usipige selotepu wala laminesheni, weka mbali na jua, na ukitaka kuandika kitu nyuma tumia penseli laini maana wino unapenya mpaka mbele.