Mwanangu kapanda jukwaani na Kifaransa chake, mama mtu nimekodoa macho tu

Habari zenu jamani, karibuni tena. Samahanini kwa sauti, nipo kituoni nasubiri basi, na huu upepo wa huku Ontario, Canada, haunaga adabu. Leo shuleni kwa mwanangu kuna onyesho la watoto wa programu ya Kifaransa. Najua kuna watu wataniuliza, "Wewe si unaishi upande wa Kiingereza? Kifaransa kimetokea wapi?" Ngoja niwajibu kabla basi halijafika.

Canada ina lugha rasmi mbili, kuna sheria yake ya mwaka 1969. Huku Ontario, mtoto wa shule ya kawaida anasoma Kifaransa kama somo kuanzia darasa la nne mpaka la nane. Lakini kuna njia nyingine, ya kumtumbukiza mtoto kwenye lugha mzima mzima: hesabu kwa Kifaransa, sayansi kwa Kifaransa, hata kugombezwa kwa Kifaransa. Anayesoma kama somo anatakiwa kufikisha saa 600 mpaka amalize darasa la nane. Hawa wa kutumbukizwa ni saa 3,800. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa mtu anabonga, usiseme ana kipaji. Kakalishwa!

Na walioanzisha jambo hili ni wazazi. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert, karibu na Montreal, jimbo la Quebec ambako wengi wanaongea Kifaransa, wazazi wanaoongea Kiingereza walichoka kuona watoto wanasoma Kifaransa miaka nenda rudi na kuongea na jirani hawawezi. Wakawasumbua wakubwa wa elimu mpaka wakapewa darasa la chekechea la kujaribia. Profesa Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake wakawafuatilia wale watoto, wakakuta Kiingereza chao hakijaharibika. Haya, basi hilo!

Nimerudi nyumbani sasa, nimeshavua mabuti, tuendelee.

Picha za onyesho sina za kuwaonyesha. Huku huweki sura ya mtoto wa mwenzio mtandaoni bila mzazi wake kuridhia, na kwenye jukwaa walikuwa wamebanana. Nilichoweza kurekodi ni miguu ya mwanangu tu, hii hapa. Mnaiona hiyo pini kwenye pindo la suruali? Suruali nyeusi na shati jeupe vilitakiwa, suruali ikawa ndefu, sindano sikuiona asubuhi. Imeshika mpaka mwisho, namshukuru Mungu.

Wazazi tulikaa kwenye jimu ya shule, makoti mapajani, tunatabasamu tusichokielewa. Dada mmoja wa Kisomali pembeni yangu akaninong'oneza, "Umeelewa?" Nikamwambia, "Mimi nimemwelewa yule aliyeanguka tu."

Mwanangu alipewa nafasi ya mtangazaji wa hali ya hewa. Ana fimbo, ana ramani ya boksi, na mawingu ya pamba yamebandikwa juu yake. Akaanza vizuri, ile "r" yao ya kooni anaitoa kama aliyezaliwa nayo. Alipofika kwenye theluji, kimya. Fimbo iko juu, mdomo uko wazi. Mwalimu wake, wao wanamwita Madame, alikuwa amechuchumaa mbele ya jukwaa, akacheza midomo bila sauti. Mtoto akamtazama, akameza mate, akaendelea mpaka mwisho. Mimi mikono ilishaloa jasho, na nje huko ni chini ya sifuri.

Huyu huyu alipoanza, alikuwa anarudi nyumbani na sentensi moja tu, ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Mwanzoni wanawaachia wajibu kwa Kiingereza, mwalimu anaendelea na Kifaransa chake na ishara za mikono, hachoki. Mimi ningechoka.

Bibi yake nilimpigia video onyesho lilipoisha. Huku ilikuwa mchana wa saa nane, huko kwenu saa nne usiku, naye kakesha makusudi. "Haya mume wangu, niimbie hicho Kifaransa." Mtoto akamwimbia. Bibi akapiga kigelegele, kisha akauliza, "Na shikamoo yangu iko wapi?" Ikatoka, lakini kwa kuvutwa.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee. Nilimuuliza Madame kama nianze kujifunza Kifaransa ili nimsaidie nyumbani. Akaniambia nimsomee na niongee naye kwa lugha ninayoijua vizuri, Kifaransa nimwachie yeye. Sasa piga hesabu: Kifaransa kina shule, Kiingereza kina basi la njano, katuni na uwanja wa kuchezea. Kiswahili kina mimi, na mimi narudi kazini jioni nimechoka, naishia kusema "kula", "oga", "lala". Kwa amri hizo mtoto hawezi kubishana na bibi yake.

Kwa hiyo Jumamosi bibi atakuwa anapiga simu na hadithi, na mimi nitasoma naye kitabu kabla ya kulala. Mwenye kujua vitabu vya Kiswahili vya mtoto wa miaka saba, vyenye maandishi makubwa, na visiwe vya sungura na fisi peke yake, aniandikie hapo chini. Na kama unajua namna ya kuvisafirisha, useme pia.