Mkono Unapotangulia Akili: Juu ya Kung'ata Kucha, Kutafuna Ngozi na Kula Nywele

Ndugu wasikilizaji, hebu kila mmoja avitazame vidole vyake. Naamini wamo humu ambao kucha zimeliwa mpaka kwenye nyama, na wamo ambao ngozi ya pembeni mwa kidole gumba imekakamaa kwa kutafunwa. Asione haya mtu. Aibu ndiyo inayofanya tatizo hili lifichwe mpaka lifike pabaya.

Mara nyingi mtu hata hajui kama ameanza. Anasoma, anawaza, anasubiri jambo, kumbe kidole kimeshafika mdomoni. Wengine huusikia kabisa msukumo ukipanda, na wakishatafuna hupata nafuu ya muda mfupi. Nafuu hiyo ndiyo inayouzoesha ubongo kurudia. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaweka mazoea ya kung'oa nywele na kuchokonoa ngozi kundi moja na maradhi ya vitendo vya kujirudiarudia visivyozuilika. Kwa hiyo tusimwite mtoto wa namna hii mkaidi.

Anayeng'ata kucha humeza vijidudu, pengine na mayai ya minyoo. Ngozi ikichanika, bakteria huingia, kidole huvimba, hutunga usaha na kupwita usiku kucha. Chunjua nazo huweza kuhama kutoka kidoleni hadi mdomoni. Wako pia wanaochokonoa pua na kula kamasi. Kamasi lenyewe halinitishi, maana sote tunalimeza kila siku. Ubaya uko kwenye kidole kinachochubua pua.

Ninachokihofia hasa ni kula nywele. Unywele umetengenezwa kwa keratini, aina ya protini ngumu, na tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Unateleza, unanasa kwenye mikunjo ya tumbo, mwingine unaufuata, zinasokotana na ute na mabaki ya chakula. Baada ya miezi au miaka huwa donge lililochukua umbo la tumbo lenyewe, mara nyingi jeusi hata kama nywele si nyeusi, kwa sababu ya asidi. Mara chache donge huota mkia unaoshuka hadi utumbo mwembamba. Hali hiyo ilielezwa na madaktari mwaka 1968, nayo huitwa sindromu ya Rapunzel, kwa jina la msichana wa hadithi mwenye nywele ndefu. Utumbo unaweza kuziba au kutoboka. Wengi wanaopatwa ni wasichana na wanawake vijana. Donge kubwa kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji, na tabia isipotibiwa, linaweza kujijenga upya.

Kufoka hakusaidii, huongeza wasiwasi, na wasiwasi huuita mkono. Njia inayosaidia wengi ilibuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, mwaka 1973. Kwanza mtu hujifunza kuutambua mkono ukiwa bado njiani. Kisha huupa kazi nyingine. Tujaribu sote: kunja ngumi, bana kiwiko ubavuni, tulia hivyo dakika moja. Msukumo hupanda, halafu hushuka wenyewe. Ni mazoezi ya wiki nyingi, na mtaalamu wa saikolojia akisimamia huwa bora zaidi.

Mzazi ukiona mtoto ana mapengo ya nywele kichwani, anashiba haraka, anatapika au anakonda, mpeleke hospitali, na umweleze daktari waziwazi kwamba anakula nywele, maana mtoto mwenyewe huenda asiseme.